Muda Wako wa Kazi Unaishia Wapi? Iulize Kompyuta

Wengi tunaowafundisha matumizi ya kompyuta huja na orodha ya kazi tayari. Iko kwenye daftari, nyuma ya bahasha, au kwenye ujumbe wa WhatsApp ambao mtu kajitumia mwenyewe. Wanachokosa ni hesabu ya muda: kila kazi ilikula saa ngapi hasa. Asiye na hesabu hiyo hukadiria kwa matumaini, akaahidi kukabidhi Ijumaa, na Jumatatu yuko kwenye simu anaomba radhi.

Zipo programu za kompyuta zinazoweka orodha na hesabu hiyo mahali pamoja. Mimi huanzisha watu na Task Coach. Ni programu huria, haina malipo, na inatumika kwenye Windows, Mac na Linux. Ukishaisakinisha haihitaji intaneti. Kazi zako zote hukaa kwenye faili moja la .tsk ndani ya mashine yako, kwa hiyo bando likiisha unaendelea kama kawaida. Nakala ya faili hilo iweke kwenye flashi kila mwisho wa wiki, bila kukosa.

Chukua mfano wa mfasiri aliyepewa ripoti ya kurasa 60. Anaandika kazi mama, "Ripoti", na chini yake kazi ndogo: kusoma, kutafuta istilahi, rasimu, kuhariri, ankara. Akianza mojawapo anawasha saa ya kazi hiyo ndani ya programu, akiinuka anaizima. Muda wa kazi ndogo hujumlishwa kwenye kazi mama, na anaweza kuweka bajeti ya saa pamoja na malipo ya kila saa. Baada ya wiki mbili huenda akaona kuwa istilahi zinamlia muda kuliko rasimu yenyewe, ilhali bei ya ukurasa aliipanga kwa kuwazia rasimu tu. Natamani kila anayejitegemea aione hesabu yake namna hii walau mara moja.

Kinachowachanganya wengi ni majira. Kompyuta huanza kuhesabu siku usiku wa manane. Kazi ya saa mbili asubuhi itaandikwa 08:00, na ya saa tisa alasiri 15:00. Ukijaza muda kwa mkono ukaandika 02:00, ripoti itasema ulikuwa kazini saa nane usiku.

Kosa linaloharibu hesabu kuliko yote ni kusahau kuzima saa. Mgeni kabisha hodi, chai imeletwa, na kompyuta inaendelea kukuandikia kazi. KTimeTracker, inayotumiwa zaidi kwenye Linux, inaweza kugundua kwamba kibodi na kipanya havijaguswa kwa muda, ikakuuliza kama dakika hizo ziondolewe. Vinginevyo sahihisha mwenyewe siku hiyohiyo. Kesho yake utakuwa unakisia.

Kwa anayeshindwa hata kuanza, ipo mbinu ya Francesco Cirillo, ambaye akiwa mwanafunzi Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, alitega saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Utaratibu wake ni dakika 25 za kazi, kisha 5 za kupumzika.

Kama kompyuta ni ya ofisi au mnaitumia wengi, fahamu kwamba faili la .tsk ni maandishi ya kawaida. Yeyote akilifungua atayasoma. Nywila na siri za wateja zisiandikwe humo.