"Bei ya New York" ina maana gani kwa mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro?

Msimu wa kahawa ukifika, taarifa za masoko za kila wiki husambaa kwenye simu kuanzia Kibosho hadi Marangu. Tuseme wiki hii inasomeka hivi: New York, yaani soko la mikataba ya kahawa la huko Marekani, imefunga Ijumaa kwa senti 300. Mkulima akiichukua namba hiyo kama bei ya kilo yake, ataingia AMCOS, chama chake cha ushirika, na matarajio yasiyo sahihi, na mara nyingi atatoka akiamini ameibiwa hata pale ambapo hakuna aliyemwibia.

Senti hizo ni za dola ya Marekani, kwa pauni moja ya uzito, yaani gramu 454. Na bei yenyewe ni ya mkataba wa kahawa ya arabika itakayokabidhiwa mwezi fulani wa mbele: Machi, Mei, Julai, Septemba au Desemba. Mkataba mmoja una pauni 37,500, karibu tani 17. Wengi wanaouziana mikataba hii hawashiki gunia hata moja. Wapo wanaojikinga na bei kugeuka, na wapo wanaotafuta faida kwenye kugeuka huko. Kwa hiyo bei hubeba hofu na matumaini ya watu kuhusu mavuno ambayo bado yako mtini, hasa ya Brazil, mzalishaji mkubwa kuliko wote. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni mingi mno kule Paraná, jimbo la Brazil, na kufikia 1977 pauni moja ilikuwa imevuka dola 3. Mwaka 2001 kahawa ilijaa duniani, pauni ikaanguka chini ya senti 50. Hapa mlimani anguko hilo halijasahaulika, maana kuna waliong'oa mibuni.

Kwenye mnada wa Moshi, New York ni bei ya rejea tu. Mnunuzi huanzia hapo, kisha huongeza au hupunguza kulingana na daraja (AA, A, B, PB na mengineyo), ladha ya kikombe na gharama za kuifikisha kahawa bandarini. Katika kanuni za soko la New York, arabika ya Tanzania iliyooshwa hupokelewa kwa bei ya msingi, bila nyongeza wala punguzo. Mnadani, shehena nzuri ya AA inaweza kupita hapo, na ya daraja la chini ikabaki nyuma sana. Mwenye robusta, aina nyingine ya kahawa, kule Kagera aangalie soko la London, ambako bei hutajwa kwa dola kwa tani. Taarifa inayosema tu "kahawa imepanda" bila kutaja soko haimsaidii mtu.

Kinachosahaulika zaidi ni shilingi. Senti 300 kwa pauni ni kama dola 6.61 kwa kilo. Dola ikiwa shilingi 2,700, kilo hiyo ni karibu shilingi 17,860. Shilingi ikiimarika hadi 2,400 kwa dola, inakuwa karibu 15,870. New York haijasogea hata senti moja, lakini karibu shilingi 2,000 zimeondoka kwenye kila kilo. Ndiyo maana mimi nasisitiza kwamba taarifa ya wiki isomwe na namba zote mbili kwa pamoja, bei ya kahawa na bei ya dola.

Halafu kilo inayozungumzwa ni ya kahawa safi iliyokobolewa. Mkulima wa huku hupeleka kahawa ikiwa bado na ganda lake la ndani, na kiwandani kilo 100 za namna hiyo hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi. Hapo bado hujatoa gharama za kukoboa, usafiri, magunia na makato ya chama. Makato hayo mkulima ana haki ya kuyaona yameandikwa, moja baada ya jingine, na ayaulize kabla ya kusaini malipo ya mwisho.