Yatokanayo: Ajenda Ambayo Mwananchi Hapaswi Kuikosa

Mwanamke mmoja alisimama nyuma kabisa, karibu na shina la mwembe, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Kaya ni 212, kila moja ilitakiwa kuchangia shilingi 5,000 za vyoo vya shule ya msingi. Zilizotoa ni 168. Makusanyo shilingi 840,000. Saruji iliyonunuliwa, mifuko 30. Watu walishaanza kukung'uta vumbi kwenye nguo, maana jua lilikuwa linazama na ng'ombe wanarudi.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "mifuko mitupu ya saruji tuligawana sisi akina mama tuliokuwa tunachota maji ya ujenzi. Tuligawana 22. Naomba kujua minane iko wapi."

Pakawa kimya. Mwenyekiti akamtazama mtendaji, mtendaji akamtazama fundi. "Mama, swali lako nimelipokea," mwenyekiti akajibu, na kwa heshima yake nasema hakulikwepa, aliagiza liandikwe kwenye muhtasari. Ikaja kujulikana kwamba fundi alihofia mvua, akaihifadhi mifuko minane kwenye stoo ya zahanati, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyesafiri. Hakuna aliyeiba. Lakini stoo ilipofunguliwa, mifuko miwili ya chini ilikuwa imeshaganda kama jiwe. Mingine sita iliokolewa na swali la yule mama.

Kazi yangu ni kutoa mafunzo ya utawala bora kwa viongozi wa vijiji na kwa wananchi wenyewe. Kila ninapoulizwa demokrasia ya uwakilishi ni kitu gani, huwa naikumbuka saruji ile.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kukaa chini ya mti mmoja wakajadili bei ya mbolea au bajeti ya hospitali. Ndiyo maana tunachagua wachache wakakae kwa niaba yetu. Neno la kushika hapo ni "kwa niaba". Ibara ya 8 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwa wananchi. Ibara hiyohiyo inasema Serikali itawajibika kwa wananchi, na wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Kwa hiyo anayechaguliwa anashika mali ya mtu mwingine, na mwenye mali yupo hai na anaona.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inalieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Inasema halmashauri ya kijiji itasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini anayesimamia mali kwa niaba ya mnufaika. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na katika kila mkutano mkuu wa kawaida, halmashauri inatakiwa kutoa taarifa ya namna ilivyosimamia ardhi hiyo na kuzingatia maoni ya wanakijiji. Mtu aliyepewa ekari 200 na halmashauri peke yake, wakikubaliana ofisini na mhuri ukagongwa, amepewa na mtu asiye na uwezo wa kutoa. Migogoro mingi ya ardhi ninayokutana nayo vijijini ina mzizi hapo: wananchi hawakujua kwamba idhini ilikuwa yao.

Mkutano mkuu wa kijiji ni watu wote wakazi wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hakuna kiingilio, wala kadi ya chama. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, inayotumika Tanzania Bara, inautaja kuwa ndio mamlaka ya juu kabisa katika kuamua sera za jumla za mambo ya kijiji. Chini yake ndipo inapokaa halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, wakiwamo mwenyekiti na wenyeviti wa vitongoji. Tunao zaidi ya vijiji 12,000 nchini. Katika kila kimoja, kisheria, mkulima wa jembe la mkono akiwa mkutanoni yuko juu ya halmashauri.

Sheria hiyo imeupa mkutano mkuu uwezo wa kuichagua halmashauri, na pia uwezo wa kumwondoa mjumbe mmoja au wote. Mbunge hatuna namna ya kumwita arudi kabla ya muda wake. Kenya wameweka kifungu cha kumrejesha mbunge nyumbani katika Ibara ya 104 ya Katiba yao ya mwaka 2010, sisi hatuna. Lakini kijijini nguvu hiyo tunayo, na nimeona vijiji vinalalamika miaka mitano mizima juu ya uongozi ambao wangeweza kuujadili kwenye mkutano wa robo mwaka. Inaniuma kila ninapoliona.

Sasa nije kwenye neno lililo juu ya makala hii. Ajenda za mkutano wa kijiji zinafahamika: kufungua mkutano, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo na muhtasari, taarifa ya mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Watu wengi huja wakingojea "mengineyo", kwa sababu hapo ndipo kila mtu anamwaga kero zake: kisima, mbuzi wa jirani, nesi asiyeonekana. Kero hizo ni za kweli. Ila nguvu ya mwananchi iko kwenye yatokanayo. Pale ndipo mkutano unapouliza: mlisema mngetengeneza kisima, kimetengenezwa? Mlisema mngeleta stakabadhi, ziko wapi? Kero iliyosemwa kwenye mengineyo inapotea hewani ikiwa haikuandikwa, na iliyoandikwa inakufa ikiwa mkutano unaofuata hakuna anayeikumbusha. Ukitaka jambo lako liishi, hakikisha limeingia kwenye muhtasari pamoja na jina la mwenye kulitekeleza na tarehe, halafu mkutano unaofuata usichelewe. Anayefika saa moja baadaye huikuta ajenda hiyo imeshapita.

Swali la mifuko minane lilipoingia kwenye yatokanayo miezi mitatu baadaye, jibu lilikuwa tayari, na mkutano uliamua kwamba ufunguo wa stoo ukae kwa watu wawili. Ni uamuzi mdogo sana. Lakini umefanywa na wenye mali, na haukuhitaji mbunge, mkuu wa wilaya wala kamera ya televisheni.

Wapo wanaodhani kuuliza ni kutuhumu. Hata viongozi wengine husema, "Kama hamniamini, chagueni mwingine." Jibu langu ni lilelile siku zote. Mdhamini anayetoa hesabu anajilinda mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiji halipwi mshahara, na wengi ninaowafahamu ni watu waadilifu wanaoacha mashamba yao kwa ajili ya wenzao. Taarifa iliyosomwa, ikaulizwa maswali na kuandikwa ndiyo inayomwokoa siku maneno ya mtaani yanapoanza. Yule fundi, bila swali lile kujibiwa hadharani, leo angekuwa anaitwa mwizi wa saruji.

Tutofautishe pia mwenyekiti na mtendaji, maana hapa watu huchanganya sana. Mwenyekiti tumemchagua. Afisa Mtendaji wa Kijiji ameajiriwa, analipwa mshahara, ndiye katibu wa vikao na mtunza kumbukumbu. Muhtasari usipoandikwa, wa kuulizwa kwanza ni yeye. Uamuzi usipotekelezwa, waulizwe wote wawili. Ngazi ya juu ni hivyohivyo: diwani amechaguliwa na wananchi wa kata, na ndiye anayeongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Baraza la madiwani nalo linaisimamia halmashauri ya wilaya, ambayo mkurugenzi wake ni mteule wa Rais. Kwa maneno mengine, diwani ndiye jicho lako ndani ya nyumba iliyojaa wataalamu walioteuliwa na kuajiriwa. Akilala, hakuna mwingine uliyemtuma. Mikutano ya kawaida ya baraza ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Nimehudhuria mingi ambayo viti vya wananchi vilikuwa vitupu.

Mbunge ana kazi ambayo hatuijadili vya kutosha. Ibara ya 63 ya Katiba inalitaja Bunge kuwa chombo chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kutunga sheria, kupitisha bajeti inayoanza Julai Mosi, kuwahoji mawaziri, kusoma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na kuibana. Hiyo ndiyo kazi. Sasa fikiria majimbo 264 ya uchaguzi wa mwaka 2020 ukilinganisha na sensa ya 2022: kila jimbo lina wastani wa watu zaidi ya 230,000. Halafu tunampima mbunge kwa misiba aliyohudhuria na harusi alizochangia. Nimemsikia mzee mmoja, mtu mwenye busara zake, akisema mbunge wao ni mzuri kwa sababu alileta jeneza. Simlaumu mzee, jeneza ni gharama kweli. Lakini pesa ya jeneza inatoka mahali, na mbunge anayetumia muda wote kutafuta pesa za kugawa hana muda wa kusoma muswada wenye kurasa 80. Tukimdai mchango tutapata mchango. Sheria inayotuumiza itapita wakati yeye yuko msibani kwetu.

Kuna jambo gumu hapa, nami sitalipita kimya. Kwa Katiba yetu, mtu hawezi kugombea ubunge bila kupendekezwa na chama, na akipoteza uanachama anapoteza kiti. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika shauri lililomhusisha Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki. Sheria haijabadilika hadi sasa. Maana yake mbunge ana mabwana wawili, chama na wananchi, na anayeweza kumnyang'anya kiti kesho asubuhi ni chama. Kwa hiyo mwanachama wa chama chochote asizichukulie kura za maoni, yaani zile za kumpata mgombea wa chama, kama sherehe ya ndani, kwa kuwa sehemu kubwa ya uchaguzi wako inaamuliwa pale. Na ushindani ukikosekana tunaumia sote. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na kwenye vijiji na mitaa mingi viti vilipita bila kupingwa. Mwenye chama tawala na mwenye upinzani wote walinyimwa kitu kimoja siku ile: nafasi ya kumlinganisha mtu na mtu. Pale kura inapokuwa imedhoofika, mkutano wa kila miezi mitatu unabaki kuwa karibu mlango pekee wa kuhoji, na ndiyo sababu naung'ang'ania.

Mlango huo nao una watu unaowafungia nje bila kukusudia. Mkutano ukiitishwa saa kumi jioni, mama yuko kisimani au jikoni. Ukiitishwa msimu wa malisho, mfugaji yuko kilomita 30. Sheria imetaka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, ila kiti peke yake hakitoshi kama saa ya kikao imepangwa na wanaume. Kuna kijiji walichukua uamuzi rahisi wa kukutana saa tatu asubuhi siku isiyo ya gulio, na akina mama wakawa wengi kuliko wanaume. Mijadala ikabadilika. Maji yakapanda hadi ajenda ya kwanza.

Kama taarifa ya mapato na matumizi haijabandikwa kwenye ubao wa matangazo, omba. Ukijibiwa "njoo kesho" mara tatu, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Andika nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Barua ya watu kumi wenye majina na saini ina uzito kuliko kelele za watu mia kwenye kilabu cha pombe.

Wiki hii, ukipita karibu na ofisi ya kijiji chako, mwombe mtendaji akuoneshe daftari la mihtasari ya mkutano mkuu. Tazama ukurasa wa mwisho ulioandikwa, usome tarehe. Ikiwa imepita miezi mitatu, mkutano wenu umechelewa. Anza na hilo.