Je, Wajua Kwa Nini Mpira wa Gofu Hupaa Unapopigwa na Fimbo Inayoshuka?

Anayejifunza gofu huambiwa mapema kwamba fimbo ya chuma sharti iwe bado inashuka inapougusa mpira, na agizo hilo humtatiza, kwa kuwa anachokitaka ni mpira upae. Ndiyo maana wengi hujaribu kuuchota: uzito wa mwili hubaki kwenye mguu wa nyuma, vifundo vya mikono hukunjuka mapema, na fimbo ama huchimba ardhi kabla ya kuufikia mpira, ama huwa imekwisha kuanza kupanda na kuukwangua kwa juu, ukaenda ukibiringika.

Jawabu limo katika umbo la fimbo. Uso wake haukusimama wima bali umelala nyuma, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo unavyozidi kulala: fimbo namba 7, kwa mfano, aghalabu huwa na mlalo wa nyuzi 30 hivi. Wachezaji wa kulipwa wanapoitumia, kichwa cha fimbo hushuka kwa pembe ya nyuzi 4 tu, hivyo uso bado unatazama juu wakati wa mgongano. Mpira nao, unapoondoka, hufuata zaidi mwelekeo wa uso kuliko njia ya kichwa. Kwa maneno mengine, kazi ya kuuinua mpira imekwisha kufanywa na aliyeiunda fimbo, na mchezaji hana haja ya kuirudia.

Tofauti hiyo baina ya njia ya kichwa na mwelekeo wa uso huzaa jambo jingine, ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Mgusano hudumu takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini muda huo unatosha kuufanya mpira uzunguke kinyumenyume, kwa fimbo namba 7 ya mchezaji hodari, kiasi cha mara 7,000 kwa dakika. Mpira unaozunguka hivyo huisukuma hewa kuelekea chini, nayo hewa huusukuma mpira juu. Katika miaka ya 1890, mwanafizikia wa Uskoti Peter Guthrie Tait alionyesha kwamba mzunguko huo ndio unaourefushia mpira safari yake angani. Ndio pia unaousaidia kutulia upesi unapotua karibu na shimo.

Lipo pia suala la nyasi. Mpira ukiwa umelala chini, fimbo inayofika ardhini kabla yake hubeba udongo na majani, vikakaa kati ya uso na mpira na kupunguza kasi na mzunguko. Kwa sababu hiyo, sehemu ya chini kabisa ya tao la fimbo inapaswa kuwa mbele ya mpira, na kwa wachezaji mahiri huwa kiasi cha sentimita 10 mbele. Kipande cha nyasi wanachokikata hutoka upande wa shimo, mpira ukiwa umekwisha kuondoka.

Hata hivyo, agizo la “piga chini” limewapotosha wengi, wakalielewa kuwa ni kukata kuni. Nyuzi 4 ni mteremko mdogo mno, na haupatikani kwa nguvu za mikono. Hutokana na uzito kuhamia mguu wa mbele kabla ya mgongano, huku mikono ikitangulia kichwa cha fimbo.

Ili kujipima, chora mstari kwenye nyasi, simama ukiwa umeuweka katikati ya miguu yako, kisha zungusha fimbo bila mpira na utazame kovu linapoanzia. Likianzia nyuma ya mstari, uzito umechelewa kuhama, na kubadilisha fimbo hakutasaidia. Likianzia juu ya mstari au mbele yake kidogo, weka mpira hapo hapo na upige vivyo hivyo, bila kuongeza jitihada yoyote ya kuuinua.