Misuli haitoki kwenye kopo la unga

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu ya vijana wa gym hapa Mwanza: bila unga wa protini, unanyanyua chuma bure. Si kweli, na tafadhali usiusambaze, maana unamfanya kijana akate hela ya chakula anunue kopo.

Misuli hukua ikibebeshwa mzigo unaoongezeka kidogo kidogo, kisha ikapata protini na usingizi. Anayenyanyua vyuma anatosheka na takribani gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku; mwenye kilo 70, kama gramu 112. Geuza kopo usome: kipimo kimoja huwa na gramu 20 hadi 25. Gramu 100 za sato aliyepikwa zinakaribia hapohapo, na zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa waliokaushwa vizuri ni protini.

Watu huchanganyikiwa na wiki za mwanzo. Anayeanza hupata nguvu haraka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli. Kama alianza na unga siku hiyohiyo, sifa zote hupewa unga. Andika kwenye daftari kilo na marudio ya kila zoezi. Visipopanda kwa wiki sita, angalia kwanza mazoezi, mlo na usingizi.