Si lazima uache pombe kwanza ndipo uende kikundini

Mtwara na Lindi wapo wanaoamini kuwa mnywaji wa uraka (pombe ya mabibo) au gongo aache kwanza, ndipo aende kwenye kikundi cha wanaoacha pombe. Kwa kawaida vikundi hivi hudai nia ya kuacha tu. Hakuna kiingilio, na unaweza kukaa nyuma ukasikiliza.

Hatari ipo kwenye kuacha pombe ghafla ukiwa peke yako. Mnywaji mkubwa wa kila siku huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kufuata kabla ya saa 48. Huyo aanzie hospitali.

Kikundi kiulizie kliniki ya afya ya akili. Kabla ya kupanda basi kutoka Newala, piga simu: vikundi vidogo huhama kimyakimya.