Sangara hakuwamaliza furu peke yake

Mwaloni Ggaba, Kampala, utasikia ikisemwa kwamba mputa, yaani sangara, ndiye aliyewamaliza nkejje wote, yaani furu, samaki wadogo wa spishi nyingi wa Ziwa Victoria. Kula alikula, tena sana: aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na furu hao wakaporomoka miaka ya 1980. Lakini maji nayo yalichafuka. Mbolea na majitaka vilistawisha mwani, mwanga ukafifia. Jike wa furu humchagua dume kwa rangi. Asipoiona vizuri hupandana na dume wa spishi nyingine, na spishi hupotea bila hata kuliwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mukene, dagaa wetu, huliwa na sangara huyohuyo, na bado wamejaa. Baadhi ya furu nao wamerudi.