Newton bado inaandikwa: uvumi na ukweli wake

Mtajie mtu Apple Newton. Kama jina analijua, atacheka kwanza, kisha atakwambia ile kompyuta ya kiganjani iliyoshindwa kusoma mwandiko. Kicheko hicho kina miaka zaidi ya thelathini sasa, na nusu yake kina haki.

MessagePad ya kwanza, yaani kifaa chenyewe cha Newton, iliyotoka Agosti 1993, ilikisia neno zima kwa kulilinganisha na orodha ya maneno iliyokuwa nayo. Ukiandika jina la mtu ambalo halimo, haikukiri kwamba hailijui. Ilikupa neno jingine linalofanana nalo kwa mbali, bila haya. Ndipo vichekesho vilipoanzia. Ila wengi waliocheka hawakurudi kuangalia tena. Toleo la 2.0 la mfumo wake lilileta kisomaji kipya kilichochambua herufi mojamoja, na mtu anayeandika herufi zisizoshikana alisomeka vizuri tu. Mwaka 2002 Apple yenyewe iliifufua kazi hiyo ndani ya Mac OS X kwa jina la Inkwell. Kitu kibovu hakifufuliwi.

Wengine husema Steve Jobs, kiongozi wa Apple wakati huo, aliiua kwa chuki. Kalamu ya kuandikia kwenye kioo hakuipenda, hilo halina ubishi. Lakini Newton ilipofutwa, tarehe 27 Februari 1998, Apple ilikuwa imetoka kupata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1 katika mwaka wa fedha wa 1997, na bidhaa nyingi zilikuwa zinakatwa. Isitoshe, ilikuwa ghali, na mfukoni haikuingia.

Kwamba haikuacha kitu? Mwaka 1990 Apple, Acorn na VLSI Technology walianzisha ARM, kampuni ya kubuni vichakataji, na Apple ilichohitaji hasa ni kichakataji kisichokula betri, kwa ajili ya Newton. Leo karibu kila simu janja inatumia usanifu wa ARM.

Dhana inayoniudhi zaidi ni hii: eti wanaoishikilia mpaka leo wanalilia ujana wao tu. Mtu anayelilia ujana huweka kifaa kwenye kabati la vioo. Hawa wanakitengeneza. Newton huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1993, na namba kubwa kabisa ambayo lugha yake ya programu inaweza kuibeba ni 536,870,911. Piga hesabu: sekunde hizo zilikwisha tarehe 5 Januari 2010, karibu miaka kumi na miwili baada ya Apple kunawa mikono. Kiraka cha programu kilipatikana, na aliyekishona alikuwa mmoja wa wapenzi wake. Ni wapenzi hao hao walioandika programu za kuiwezesha kutumia kadi za Wi-Fi, na nyingine inayoiigiza Newton nzima ndani ya kompyuta za kisasa.

Wanachokifuata ukikiona kwa macho utaelewa. Unachora duara la ovyo, linajinyoosha likawa duara kamili. Neno umelikosea, unalipitishia kalamu juu na chini kwa haraka, linatoweka kwa kiwingu cha moshi. Hakuna kuhifadhi wala faili: kila unachoandika kinaingia kwenye hazina ambayo wahandisi wenyewe waliiita supu, na programu zote zinachota humo.

La mwisho ni la kabatini: kwamba mashine isiyoguswa ndiyo inayodumu. Betri zilizosahaulika ndani huvuja na kula vyuma. Wenye uzoefu huzitoa mapema, na MessagePad 2100 haidhuriki kwa hilo, kwa sababu maandishi yake yamo kwenye kumbukumbu ya flashi, isiyofutika umeme ukikatika. Ukija kurudisha betri nne za AA baada ya miezi, unarekebisha saa, na noti yako iko palepale ulipoiachia.